Uhandisi wa kilimo na usimamizi wa kiufundi: boliti moja imenifanya niikasirikie shahada nzima

Orodha ya masomo na miaka ya shahada siielezi, hayo yamo kwenye kijitabu cha chuo chochote. Ninachotaka kukieleza ni mashine ya kufyeka nyasi, kwa sababu ndani yake ndimo nilimoiona shahada hii ilivyo kweli.

Mashine hiyo hufungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO, inayotoa nguvu ya injini ya trekta na kuipeleka kwenye mashine, mizunguko 540 kwa dakika. Pale shafti inaposhikana na giaboksi kuna boliti moja iliyowekwa makusudi ili ikatike. Visu vikigonga kisiki, boliti inakatika, shafti inazunguka bure, giaboksi inapona. Kilowati 30 kwa mizunguko hiyo ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa takribani newtoni-mita 530, na visu vikikwama ghafla msokoto unapanda mbali zaidi ya hapo kabla dereva hajakanyaga klachi. Ndiyo sababu mtengenezaji anataja unene na daraja la boliti. Yetu ilitakiwa M10, yaani unene wa milimita 10, ya daraja 8.8.

Muhula ule boliti zilikuwa zinakatika hata kwenye nyasi laini. Fundi wa karakana akachoka kubadilisha, akafunga ya 12.9. Ukizidisha tarakimu ya kwanza ya daraja kwa 100 unapata nguvu ya mvutano kwa megapaskali: 800 imekuwa 1,200. Boliti haikukatika tena, ni kweli. Kilichokatika safari hii ni meno ya gia. Tulipofungua kifuniko, meno manne yalikuwa yamelala chini, na oili inametameta kama imetiwa unga wa fedha.

Hasira yangu haiko kwenye gia. Gia huvunjika. Hasira ni kwamba chanzo kilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeinama kutazama. Boliti za zamani zilikuwa bado zimo kwenye kopo karibu na meza ya kazi. Boliti iliyokatwa na mzigo mmoja mkubwa huacha uso uliofutika kuelekea upande mmoja. Hizi zilikuwa na mistari ya mviringo, mmoja nyuma ya mwingine, kisha kipande kidogo cha mwisho chenye kukwaruza. Huo ni uchovu wa chuma: inagongwagongwa kidogo kidogo mpaka ufa unavuka. Na kwa nini igongwe? Tundu lilikuwa limeliwa likawa umbo la yai. Kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, lilisoma milimita 10.5 upande mmoja na karibu 13 upande wa pili. Kila klachi ilipoachiwa, boliti ilipigwa nyundo. Dawa yake ni kuchonga tundu upya na kutia bushi, yaani bomba fupi la chuma la kulirudisha kipimo chake, au kubadilisha kipande chote. Boliti ngumu zaidi haitibu tundu lililoliwa.

Nikaomba kitabu cha matengenezo, kuona ni boliti ngapi zimekatika na baada ya saa ngapi za kazi. Jibu la fundi, mbele ya darasa: "Nyinyi ni watu wa makaratasi. Spana tuachieni wenyewe." Mhadhiri alisikia, akanyamaza. Kitabu hakikuwepo.

Sasa kumbuka jina la shahada: uhandisi NA usimamizi wa kiufundi. Asubuhi tulikuwa tumekokotoa upatikanaji wa mashine, yaani sehemu ya muda ambayo mashine iko tayari kwa kazi: ikifanya kazi wastani wa saa 40 kati ya hitilafu na hitilafu, na ikachukua saa 10 kurudi kazini, upatikanaji ni 40 kugawa kwa 50, asilimia 80. Hesabu nzuri. Lakini saa hizo 10 ubaoni zilikuwa za spana tu. Kufunga giaboksi mpya ni kazi ya saa chache. Kuisubiri ifike ilichukua wiki kadhaa, nyasi zikatupita magoti, mazoezi mengine yakafutwa. Kusubiri kipuri ndiko kunakoua mashine nyingi za kilimo, na muda huo hakuna aliyeutia kwenye hesabu.

Kwa hiyo msijiunge? Hapo najikuta nasita, maana somo la kupima bomba la kunyunyizia dawa lilikuwa bora kuliko nilivyotarajia kwa yeyote. Maji matupu, jagi lenye alama chini ya kila nozeli, yaani kichwa cha kurushia dawa, dakika moja. Trekta inapimwa mita 50 kwa sekunde 30, yaani kilomita 6 kwa saa. Nozeli inayotoa lita 0.6 kwa dakika, zikiwa zimeachana nusu mita: 0.6 mara 600, gawa kwa 6 mara 0.5, unapata lita 120 kwa hekta. Moja kati ya 12 ilitoa 0.72. Mhadhiri wa somo hilo aliing'oa papo hapo, kwa sababu nozeli ikitoa zaidi ya mpya kwa zaidi ya asilimia 10 haitengenezwi, inatupwa, na akaandika tarehe na namba yake kwenye daftari. Kila aliyekuwepo aliondoka anaweza kazi hiyo peke yake. Kwa somo lile ningeisifu shahada hii kwa mtu yeyote, na hadi jana nilikuwa nimeshaamua kuisifu.

Jana giaboksi mpya imefungwa. Boliti ni 8.8, safari hii sawa kabisa. Nimepitisha kidole kwenye tundu: bado ni yai.