Kadi zilizosainiwa za ligi mbadala za futiboli ya Marekani: kabla ya jina, tazama wino

Januari mwaka jana nililipa dola 140 kwa kadi ya mchezaji wa CFL, ligi ya futiboli ya Kanada, iliyosainiwa kwa wino wa buluu. Kwenye picha ya muuzaji saini ilionekana imeshiba. Cheti cha kuthibitisha saini kilikuwepo, tena cha kweli. Bahasha ilipofika hapa Minneapolis niliifungua, nikaisogeza kadi dirishani, nikaona wino haukushika. Ulikuwa umejikusanya vitone vitone juu ya ule mng'ao, kama maji juu ya jani la jimbi, na herufi mbili za katikati zilikuwa karibu tupu. Nilimwandikia muuzaji. Akanijibu kwamba saini ni halali na cheti ni halali, basi hana cha kurudisha. Kwa masharti aliyoyaweka mwenyewe, alikuwa na haki.

Nilipoieleza habari hiyo, nikaanza kupokea malalamiko ya aina ileile. Kaka mmoja wa Columbus alinunua saini iliyogeuka zambarau ndani ya mwaka mmoja, ikiwa ukutani sebuleni. Dada mmoja wa Toronto alipata kadi iliyosainiwa kwa wino wa fedha, na wino ukawa unabanduka kila anapoigusa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuziwa feki. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Habari za pembe kali, picha kukaa katikati na namba za daraja mmezisoma kwingine mara mia, sitazirudia.

Kwa anayeanza: ninaposema ligi mbadala nazungumzia zile zilizojaribu kusimama kando ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. USFL ilicheza majira ya machipuko kuanzia 1983 hadi 1985. XFL ilikuja 2001, ikafa, ikarudi 2020. AAF ya 2019 haikumaliza hata msimu wake wa kwanza. WFL ya 1974 na 1975 iliwachukua nyota Larry Csonka, Jim Kiick na Paul Warfield kutoka Miami ya NFL. CFL haijawahi kufa, ila wakusanyaji wa Marekani huiweka kwenye kapu hilohilo. Kadi za ligi hizi zina utamu wake: unamshika mchezaji kabla dunia haijamjua, akiwa na jezi ya timu ambayo haipo tena.

Sasa wino.

Kadi za zamani zilichapwa kwenye karatasi ngumu isiyopakwa kitu. Makapeni ikipita juu yake, wino unazama na kukauka palepale. Kufikia miaka ya 1990 kampuni nyingi zilikuwa zikipaka kadi mng'ao, na mng'ao huo haunywi wino. Mchezaji akisaini haraka kwenye foleni ya mashabiki, wino unaelea, unajikusanya, unaacha matundu. Wazoefu huisugua kadi kwanza kwa raba laini ya penseli au kwa poda kidogo ya mtoto, wakaipangusa, ndipo wampe mchezaji. Anayepeleka kadi mia moja kwenye hoteli ya timu ili aziuze jioni hana muda huo. Kadi yangu ilitoka kwenye mikono ya namna hiyo, sina shaka.

Kuna na rangi. Buluu ya makapeni inapendeza, lakini ikipigwa na jua huelekea zambarau na kufifia. Nyeusi nayo huchakaa, hupata kivuli cha kahawia pembeni. Kalamu ya kawaida ya bolpeni haififii upesi, ila huacha mfereji kwenye karatasi, na kwenye kadi ya mng'ao inaruka ruka. Wino wa fedha au dhahabu ni rangi inayokaa juu tu, na kinachokaa juu hubanduka. Angalia pia saini imeangukia wapi. Buluu juu ya jezi nyeusi ni pesa iliyotupwa, huioni hadi uiinamishe.

Na hapa ndipo cheti kinapowapoteza watu. Kampuni za PSA, JSA na Beckett zinapothibitisha saini, zinakuambia ni mkono wa nani, kwa maoni yao. Haziambii wino uko katika hali gani, isipokuwa saini yenyewe imepewa alama, kwa kawaida kati ya 1 na 10. Alama hiyo ni tofauti na alama ya hali ya kadi yenyewe. Wauzaji wengi huandika "10" kwa herufi kubwa bila kusema ni 10 ya nini, au huificha kabisa pale saini ilipopata 6. Uliza.

Basi nianze na ninachokipenda, na sitajifanya mwamuzi asiye na timu. Mimi ni mtu wa Topps, kampuni ya kuchapa kadi, na hasa Topps USFL ya 1984. Ni seti ya kadi 132 iliyouzwa ikiwa kamili ndani ya boksi lake, haikuuzwa kwa pakiti. Namba 36 ni Jim Kelly wa Houston Gamblers, namba 52 ni Steve Young wa Los Angeles Express, namba 58 ni Reggie White wa Memphis Showboats, namba 74 ni Herschel Walker wa New Jersey Generals. Kadi zao za NFL zilikuja baadaye: Young na White mwaka 1986, Kelly na Walker mwaka 1987. Lakini sababu yangu kubwa ni karatasi. Karatasi ile inakunywa wino. Nina kadi ya Walker iliyosainiwa kwa buluu, nimeikagua kwa kioo cha kukuzia, na kila mstari umezama bila tundu. Walker huyu ndiye aliyekimbia yadi 2,411 katika msimu wa 1985, na kuishika kadi yake yenye saini iliyokaa vizuri kunanipa furaha ambayo kadi mpya za kung'aa hazijawahi kunipa.

Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, nunua Walker au Kelly wa 1984. Steve Young ni mzuri zaidi kwa jina, ila bei yake imekimbia mno. Kwa Reggie White uwe makini mara tatu. Alifariki Desemba 2004, saini hazitaongezeka, na palipo na uhaba walaghai hawachelewi. Kadi ya White usiinunue bila uthibitisho wa mojawapo ya zile kampuni tatu, hata muuzaji akikuapia kwamba baba yake alikuwa pale aliposaini.

Nafasi ya pili naipa Topps USFL ya 1985, nayo kadi 132. Karatasi yake ni ya ukoo uleule, na humo yumo Doug Flutie, namba 80, akiwa na Generals. Kilichoishusha ni mpaka wake mwekundu. Kwanza huonyesha kila mkwaruzo mweupe pembeni. Pili, na hili ndilo linaloniuma, saini ikivuka kutoka kwenye picha na kuingia kwenye wekundu, buluu inazama na kupotea. Tafuta saini iliyobaki ndani ya picha. Zipo, ni suala la subira.

Ya tatu ni CFL ya zamani, hasa kadi za Jogo, kampuni ndogo ya Kanada iliyochapa kadi za ligi hiyo kuanzia 1981. Sababu ni mtu mmoja, Warren Moon. Alicheza Edmonton kuanzia 1978 hadi 1983, wakatwaa Kombe la Grey, ubingwa wa CFL, mara tano mfululizo, na kadi zake za Jogo zimeitangulia ile ya Topps ya NFL ya 1985. Hazipatikani ovyo, na zikipatikana mara nyingi ziko Kanada, kwa hiyo piga hesabu ya posta na ushuru kabla hujaweka dau. Kampuni ya Upper Deck ilianza kuchapa kadi za CFL mwaka 2014. Ni nzuri kwa macho, ila zina mng'ao, na mnajua sasa nina maoni gani kuhusu mng'ao.

XFL ya 2001 ya Topps naiweka ya nne kwa ajili ya watu wawili: Tommy Maddox, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa Los Angeles Xtreme waliochukua ubingwa, na Rod Smart wa Las Vegas Outlaws, yule aliyeandika "He Hate Me" mgongoni mahali pa jina lake. Ukimpata Smart aliyeongeza maneno hayo chini ya saini, na wino haukuruka, usisite.

Zile za bei nafuu, AAF ya 2019 na XFL ya 2020, zinatosha kwa zawadi ya mtoto. Topps waliziweka saini ndani ya pakiti wenyewe, kwa hiyo hofu ya feki ni ndogo. Tazama tu kama mchezaji amesaini kadi yenyewe au stika iliyobandikwa. P.J. Walker wa Houston Roughnecks ndiye ningemtafuta. Seti ya kampuni ya Pro Set ya World League ya 1991, ligi nyingine mbadala, enzi za London Monarchs na Barcelona Dragons, utaikuta kwenye makapu ya dola moja. Imetosha.

Sasa niseme linalonikera. Wauzaji wamejifunza kupiga picha kadi ikiwa ndani ya kasha la plastiki, taa ikiwaka juu yake, ili mwanga uangukie palepale penye saini. Hiyo si bahati mbaya. Mtu anayeuza kadi kila siku anajua wino ulioruka unaonekana wapi. Halafu ligi ikifa tu, bei inapanda. AAF ilipofunga Aprili 2019, kadi zilizokuwa zinauzwa kwa bei ya kahawa ziliandikwa "adimu" kesho yake, wakati zilikuwa zimechapwa zilezile, nyingi vilevile. Mchezaji akifariki ndiyo usiseme. Kabla familia haijazika, mtu ameshabadilisha bei. Mimi huyo simnunulii kitu tena, hata awe na Steve Young.

Na gharama za posta! Kadi moja ndani ya bahasha nyepesi, unatozwa dola 12 na kuambiwa ni "uangalizi". Ikifika, imefungwa kwa selotepu iliyogusa mfuko wa ndani.

Utaratibu wangu siku hizi ni huu. Namwomba muuzaji picha mbili, kadi ikiwa nje ya kasha gumu kama inatoka, imeinamishwa upande mmoja kisha upande wa pili, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Kama kasha limefungwa na kampuni ya uthibitisho, naomba kasha lenyewe liinamishwe hivyohivyo. Namuuliza ilisainiwa kwa kalamu gani na imekaa wapi miaka hii yote, ukutani au sandukuni. Mwenye kadi safi hutuma picha ndani ya dakika kumi, na mara nyingine huongeza ya tatu. Mwezi uliopita niliomba picha hizo kwa Kelly wa 1984 aliyekuwa anauzwa dola 210. Muuzaji akaniambia wanunuzi wengine hawaulizi maswali mengi hivyo. Nikamshukuru, nikaondoka. Wiki mbili baadaye kadi ileile ilikuwa bado iko pale, dola 165, na picha ni ileile yenye mwanga juu ya saini.