Ngiri ilirudi baada ya kupasuliwa, mara ya pili nikafanyiwa kwa matundu

Kazi yangu ni kushusha simenti, mifuko ya kilo 50, kwahiyo ngiri naijua vizuri. 2016 nilipasuliwa ya kulia kwa njia ya kawaida, sindano ya mgongo, wakanichana kinenani, na nilikaa wiki tatu kila nikinyanyuka kitandani lazima mtu anipe mkono. Mwaka jana ikarudi palepale na kushoto nako kukaanza kutuna. Nikikohoa tu uvimbe huo unatoka kama ndimu, nikilala chali naurudisha kwa vidole.

Nyumbani wakasema ni mshipa, nikanywa mizizi miezi minne. Jamani, ukuta wa tumbo umeachia tundu na utumbo unapita hapo, mzizi gani utaziba tundu? Ile miezi minne inaniuma mpaka leo.

Daktari bingwa akaniambia mbele pameshakuwa kovu tupu, tukirudia palepale ni rahisi kugusa mishipa ya fahamu, bora tupitie ndani kwa matundu, tena pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Akanionyesha na wavu wenyewe wa kuzibia, mweupe, laini, kama kipande cha chandarua, sentimita 10 kwa 15, kila upande unawekwa wake. Hii lazima nusu kaputi, na bei imechangamka kuliko ile ya kuchana, kwakweli tulichangishana ukoo mzima.

Matundu yalikua matatu, moja kitovuni kama sentimita moja na mawili madogo zaidi pembeni. Wanajaza gesi tumbo litanuke, wanaingiza kamera, wanafanya kazi wakiangalia kwenye skrini.

Sasa kilichonikwaza. Nimezinduka jioni, kinenani nasikia kidogo tu lakini bega la kulia linauma vibaya mno, nikajua moyo huo. Kumbe ni gesi iliyobaki, inapanda inachokoza chini ya mbavu afu maumivu unayasikia begani, nesi akanitembeza koridoni na siku ya tatu ikakata. Afu siku ya sita kushoto pakavimba tena, usiku ule sikulala, nikaona hela ya ndugu zangu imepotea bure. Nimerudi wananiambia ni maji tu yamejikusanya ilipokua ngiri, yataisha yenyewe, na kweli mwezi wa pili yalikua yameisha. Hayo mawili wangeniambia kabla, ni maneno ya dakika mbili tu! Jina la hospitali silitaji, ila ukienda popote waulize mapema.

Na kama una ngiri bado, siku ukiona uvimbe umekua mgumu, unauma, haurudi, na unatapika, ni hospitali usiku huohuo, usisubiri kukuche maana utumbo umenasa.

Siku ya pili nilikua naenda chooni mwenyewe, wiki ya pili nikawa natembea mpaka sokoni. Mizigo nimeanza mwezi wa tatu baada ya daktari kuruhusu. Nikikohoa mkono bado unakimbilia kinenani wenyewe, nakuta pako bapa.