Takwimu za Biashara Mpya za Ofisi ya Sensa ya Marekani: Maombi Si Biashara

Kwa mtafiti anayetaka kujua ni katika majimbo gani ya Marekani watu wanaanzisha biashara kwa wingi, na ni katika yapi kasi imepungua, chombo ninachokipendekeza kwanza ni takwimu za uanzishwaji wa biashara zinazotolewa na Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo. Hazilipiwi, hazidai usajili, na zile za kila mwezi hutoka ndani ya wiki chache tu, zikirudi nyuma hadi Julai 2004.

Kasi hiyo inatokana na chanzo chake. Anayekusudia kuajiri, au anayeunda kampuni, huomba namba ya mwajiri kwa mamlaka ya kodi, IRS, na maombi hayo ndiyo yanayohesabiwa kwa jimbo na kwa sekta. Hapa ndipo msomaji mwenye haraka hujikwaa, maana aliyeomba namba bado hajafungua biashara, kama ambavyo kwetu Tanzania kuwa na TIN ya TRA na jina lililosajiliwa BRELA hakuthibitishi kwamba kuna duka lenye wateja. Waandaaji wanalijua hilo, na jinsi walivyolishughulikia ndiyo sifa kubwa ya kazi yao: wametenga maombi yenye dalili za kuzaa ajira, kwa mfano yale yanayotaja tarehe ya mshahara wa kwanza, kisha wakafuatilia ni mangapi yaliyofikia kulipa mishahara kweli ndani ya robo mwaka 4, na ndani ya robo mwaka 8. Mwaka 2023 yalipokelewa maombi yapatayo milioni 5.5, yenye dalili hizo yalikuwa takriban thuluthi moja.

Thamani ya huduma hii ilidhihirika mwaka 2020, maombi yaliposhuka mwanzoni mwa janga la korona na kufikia Julai yakawa yamepanda kuliko wakati wowote tangu hesabu ianze. Wachumi Ryan Decker na John Haltiwanger, wakizitumia takwimu hizi, walionyesha kwamba katika miji mikubwa ongezeko lilielemea vitongoji kuliko katikati ya jiji, jambo linaloeleweka ukikumbuka kwamba waliokuwa wakila chakula cha mchana karibu na ofisi sasa walikuwa wakifanya kazi nyumbani.

Lakini ukitaka kushuka hadi ngazi ya kaunti utapata jumla ya maombi kwa mwaka tu, bila kujua ni yapi yenye matumaini ya kuajiri, na kwa mtafiti wa maeneo hilo ni pengo kubwa. Idadi ya biashara zilizoanza katika miaka ya karibuni ni makadirio, kwa sababu robo 8 hazijatimia. Nayo mafaili yanaweka hesabu halisi, makadirio na mchanganyiko wa hizo mbili chini ya vifupisho vinavyofanana mno, na niliwahi kupoteza mchana mzima nikichora safu isiyo yenyewe.

Delaware na Wyoming nazo, majimbo yenye watu wachache, huonekana vinara kwa sababu kampuni nyingi husajiliwa huko bila kufanya kazi huko. Mimi hugawa maombi kwa idadi ya watu wa kila jimbo, kisha hayo mawili nayaweka kando kabla ya kuchora ramani. Katika nyota 5, nazipa 4.