Flower Drum Song au Guess Who's Coming to Dinner?

Zote ni filamu za mapenzi na vichekesho, na zote mbili zimewekwa San Francisco. Kwa nyuso tu, Flower Drum Song, ya 1961, inashinda kwa mbali: karibu waigizaji wote wakuu wana asili ya Asia. Nancy Kwan anacheza, anatongoza, anadanganya. Mhusika wake anaruhusiwa kuwa na kasoro, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Lakini James Shigeta na Miyoshi Umeki, wenye asili ya Japani, wanaigiza Wachina. Mhusika Madame Liang, Mchina pia, naye anaigizwa na Juanita Hall, Mmarekani mweusi.

Guess Who's Coming to Dinner, ya 1967, inamtaka Sidney Poitier, mweusi anayetaka kumwoa binti mzungu, awe daktari asiye na doa ndipo akubaliwe na wakwe wazungu. Inaniuma, hasa kwa kuwa neno la mwisho anapewa baba wa binti. Kwa ujasiri, hata hivyo, inaongoza: ni mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa kama hiyo.

Ukitaka kuona jamii ya Wachina wa Marekani ikiishi maisha yake yenyewe, anza na ya kwanza. Kama nyumbani kwenu kuna mjadala wa ndoa mseto, wawekee wazee ya pili.