"Foo-wili" ya kukodi Dodoma iliyotukwamisha Ngurdoto

Waliotukodishia gari walitutoza bei ya foo-wili, gari linalosukumwa na tairi zote nne, wakatupa lisilo na propela shafti ya mbele, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye tairi za mbele. Haikukatika njiani. Ilifunguliwa makusudi, na kwenye difu ya mbele, boksi la gia lililo katikati ya ekseli, yamebaki matundu ya boliti, matupu, yameziba tope na grisi iliyokauka. Dereva alipobanwa akasema: "Bosi aliitoa ili gari lisile mafuta." Na leva ya foo-wili ipo, inaingia, hata taa yake kwenye dashibodi inawaka! Huo ni utapeli.

Kwenye lami hugundui kitu. Kondoa, Babati, Arusha hadi Usa River, zaidi ya kilomita 400, gari lilitembea vizuri. Dereva namsifu, kila kijiji alishusha mwendo hadi 50. Hapana, simsifu. Alijua tangu Dodoma akanyamaza.

Ndani ya Hifadhi ya Arusha, njia ya kupanda ukingo wa kreta ya Ngurdoto inapita kwenye msitu mnene, jua halifiki chini. Udongo ule wa majivu ya volkano ukilowa usiku, asubuhi ni sabuni. Tairi za nyuma peke yake zinachimba tu na mkia wa gari unakimbilia mtaroni. Tulipunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 25, tukatandika kapeti za gari chini ya tairi, wapi! Kushuka ovyo nako hairuhusiwi, nyati wako vichakani. Tulivutwa na gari la watalii kwa kamba yao, maana letu hata kamba halikuwa nayo.

Asubuhi yote ikaishia hapo, na Mlima Meru huonekana asubuhi. Tulipofika maziwa ya Momella wingu lilishaufunika mlima. Kwa hasira nilitaka kuandika kwamba hifadhi yenyewe haistahili safari yote ile. Nafuta. Kila ziwa pale lina rangi yake kwa sababu ya mwani, maji ni ya magadi, heroe wamejipanga kwenye kina kifupi. Kreta ya Ngurdoto haishukwi, unaitazama ukingoni, na nyati kule chini ni kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye majani. Nendeni. Ila lipieni mapema, getini hawapokei pesa taslimu.

Na gari likaguliwe kabla ya kusaini. Lisimamishe tambarare, zima injini, weka mawe kwenye tairi za nyuma. Ingiza gia na foo-wili, kama lina loki za habu (vifungio vya katikati ya tairi za mbele) zifunge, kisha inua tairi moja ya mbele kwa jeki na uizungushe kwa mkono. Ikigoma, foo-wili inashika. Ikizunguka bure, rudisha ufunguo. Chungulia na chini pia: shafti ziwe mbili, moja iende nyuma, moja mbele.

Nimempigia bosi. "Si mmefika na mmerudi salama? Unadai nini sasa?" Nadai tofauti ya bei ya foo-wili, shilingi kwa shilingi.