Fulugeli ya dola 720 iliyonitoka dola 1,196

Tangu niingie ibadani na fulugeli yangu, aina ya tarumbeta, mara ya kwanza, Novemba 2025, watu watatu wa ushirika wetu wa Kiswahili hapa Minnesota wameniuliza swali lilelile: "Dada, umeipata wapi, na ushuru wamekukata ngapi?" Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama nje, baridi inaning'ata masikio. Naandika hapa mara moja, anayetaka asome.

Chombo chenyewe ni flugelhoni ya Kijerumani iliyotumika, ya umbo la yai, yenye vali tatu (milango ya hewa unayoibonyeza kubadili noti) za kuzunguka badala ya pistoni za kupanda na kushuka. Wenyewe huiita Kuhlohorn, kwa jina la Johannes Kuhlo (1856–1941), mchungaji wa Bethel kule Bielefeld, Ujerumani, aliyeeneza bendi za tarumbeta makanisani. Alitaka vyombo viimbe kama kwaya ya watu, visifoke kama gwaride. Wamisionari waliofika Mlalo, kwetu Usambara nchini Tanzania, mwaka 1891 walikuwa wa shirika ambalo baadaye lilihamia hukohuko Bethel, kwa hiyo mtu wa kwetu akikumbuka tarumbeta la kanisani huwa anakumbuka sauti hii nene, tamu, isiyopiga kelele. Sisi tulisema fulugeli, basi.

Mimi nilijifunza kwa baba mdogo, kwa fulugeli ya usharika iliyokuwa na kibonde ubavuni na vali moja iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Ikivujisha hewa tulipaka sabuni ya mche. Lehemu ilipoachia, fundi baiskeli ndiye aliyekuwa fundi tarumbeta. Nilipoondoka nyumbani niliiacha, maana ni mali ya usharika, na kwa miaka tisa hapa Marekani sikupuliza kitu chochote zaidi ya chai ya moto.

Mwanzo nilikwenda dukani kama watu wengine. Kijana wa duka alikuwa mpole, akanitolea Yamaha ya Japani iliyotumika, inang'aa, dola 1,900. Akaniambia, nipigie noti ya C. Nikapiga, akatikisa kichwa. Tukapotezana dakika tano nzima mpaka tukaelewana: mwalimu wangu alinifundisha kama bendi za makanisa ya Kijerumani zinavyosoma, kwamba ukiacha vali zote wazi ile ni B-flat, na ndivyo inavyoandikwa. Wamarekani noti hiyohiyo kwenye chombo hichohicho wanaiita C. Chombo kilikuwa kizuri, siwezi kukisema vibaya, ila pistoni zile vidole vyangu havikuzipenda, na sauti yake ilikuwa kali kidogo kwa mtu anayetafuta ya Mlalo. Na dola 1,900 kwa mtu anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee si pesa ya kutoa huku unacheka.

Nikampata mzee mmoja wa Westfalen, Ujerumani, kwenye matangazo ya vitu vilivyotumika. Amepiga kwenye bendi ya kanisa miaka arobaini, sasa meno yamemtoka. Alitaka yuro 615, kama dola 720 siku hiyo. Nilipomwandikia kwamba natoka Usambara, alinijibu kwa ukurasa mzima, nikautafsiri kwa simu. Muuzaji huyu nampa alama zote: picha kumi na mbili, vibonde vyote amevizungushia alama, na video ya dakika mbili mjukuu wake akiipiga.

Hapo tulikuwa mwezi wa nane, na hapa ndipo kalenda iliponifanyia ukatili. Kabla ya tarehe 29 Agosti 2025, mzigo wa chini ya dola 800 uliingia Marekani bila ushuru. Yangu ya 720 ingepita bure kabisa. Tarehe hiyo msamaha ukafutwa kwa nchi zote, China ikiwa imeshaondolewa tangu Mei. Siku hizohizo mashirika mengi ya posta ya Ulaya, ya Ujerumani yakiwemo, yakasimamisha kwa muda vifurushi vya biashara vya kuja huku, kwa sababu hakuna aliyejua vizuri nani akusanye ushuru na kwa utaratibu gani. Mzee wangu alikuwa ameshaifunga fulugeli kwenye sanduku. Akarudi nayo nyumbani.

Akanishauri aandike kwenye fomu kwamba ni zawadi ya yuro 80, kwa kuwa zawadi isiyozidi dola 100 bado inapita. Nilikataa, na sisemi hivi ili nionekane mtakatifu. Mzigo ukipotea au ukipondwa, bima inalipa thamani uliyoandika. Kwa fulugeli ya 720 ningepewa pesa ya soksi.

Oktoba tukatumia kampuni binafsi ya kusafirisha vifurushi, nauli dola 88. Kwenye ankara mzee aliandika maneno mawili tu kwa Kiingereza: "Used horn". Horn kwa Kiingereza ni tarumbeta, na ni pembe ya mnyama pia. Mzigo ukakaa siku sita. Simu ikaja kutoka kwa wakala wa kampuni ile: je, hii pembe ni ya mnyama gani, na kibali cha wanyamapori kiko wapi? Nilicheka peke yangu kwenye korido ya kazini mpaka bibi mmoja wa chumba cha tatu akauliza kama niko salama. Hebu fikiria, Mtanzania anaingiza pembe ya kale, haina maelezo, imetoka kwa mtu binafsi. Hata mimi ningeshtuka.

Kwa hiyo, anayefuata, andikeni hivi: tarumbeta la shaba, chombo cha muziki, kimetumika, kimetengenezwa Ujerumani, na namba ya ushuru 9205.10. Hiyo ndiyo namba ya vyombo vya shaba vya kupuliza. Ushuru wake wa kawaida Marekani ni asilimia 2.9 tu, haumuumizi mtu. Kilichouma ni ule mpya wa 2025, ambao kwa bidhaa za Umoja wa Ulaya ulipangwa uwe asilimia 15 kwa jumla kuanzia Agosti 7, hiyo 2.9 ikiwa imemezwa humo ndani.

Na sikilizeni hili, maana ndilo watu wanalokosea. Ushuru unafuata nchi chombo kilikotengenezwa. Mahali kiliponunuliwa si hoja. Kaka mmoja wa kwaya aliagiza tromboni kutoka Uingereza akiamini atalipa asilimia 10 ya Waingereza, kumbe imechorwa pale karibu na vali kwamba ni ya Taiwan, ambayo wakati huo ilikuwa asilimia 20. Tarumbeta za India, zile za Meerut ambazo bendi nyingi za harusi zinazijua kwa bei yake nafuu, zilikuwa zimepandishwa hadi asilimia 50 tangu Agosti 27. Unafuu wote ukaishia bandarini. Viwango hivi ni vya miezi ile niliyonunua mimi, na mwaka ule vilikuwa vikibadilika kama hali ya hewa ya Lushoto, kwa hiyo angalia upya siku unayotaka kulipa.

Ankara ya kwanza ya kampuni ya vifurushi ilikuwa dola 159.20: ushuru 121.20 na ada yao ya "kushughulikia forodha" dola 38. Nikapiga hesabu mezani. Asilimia 15 ya 720 ni 108. Hiyo 121.20 imetoka wapi? Walikuwa wamejumlisha na nauli, 808, ndipo wakakata 15. Sasa, forodha ya Marekani haitozi ushuru kwenye nauli ya kimataifa ikiwa imeandikwa peke yake kwenye ankara. Inatoza thamani ya bidhaa. Kwetu Tanzania ni kinyume, TRA, mamlaka yetu ya mapato, inachukua bei, bima na nauli kwa pamoja, na labda aliyenihesabia alizoea huko. Niliwaandikia mara nne. Mara ya tatu walinijibu kwa barua inayonishukuru kwa uvumilivu. Mara ya nne wakarudisha dola 13.20. Kampuni naipa alama mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya dereva, aliyebeba sanduku kama mtoto mchanga.

Ushuru wenyewe, kusema kweli, sina ugomvi nao mkubwa. Dola 108 niliijua kabla na niliiweka kando. Kinachochoma ni ile ada, ambayo haitazami ukubwa wa mzigo. Niliiona vizuri kwenye kinywa cha kupulizia. Fulugeli ilikuja bila kinywa, mzee alitaka kubaki nacho kama kumbukumbu, nikasema hakuna shida, ninacho cha Kimarekani. Kumbe shina la kinywa cha Kijerumani halilingani na langu, kikawa kinacheza kama jino bovu. Nikaagiza kingine Ujerumani: kinywa dola 58, nauli 16, ushuru 8.70, ada ya kushughulikia huo ushuru wa 8.70 ni dola 20. Soma tena hiyo sentensi. Laiti ningekiagiza kwenye sanduku moja na fulugeli, ile ada ya 38 ingebeba vyote viwili. Kosa langu.

Fundi wa hapa alichukua 140 kunyoosha mikono ya vali ya tatu, iliyokuwa ikigonga kak-kak-kak kila ukiibonyeza. Jumla kuu, na sasa mnaweza kuacha kuniuliza: dola 1,196 na senti 70.

Je, ina thamani hiyo? Ndiyo. Rangi ya juu imetoka kwenye nusu ya mwili, shaba imekuwa ya kahawia pale mkono wa mzee uliposhika miaka yote hiyo, na mkono wangu unaingia palepale. Kuna kiraka kwenye ukingo wa mbele. Ukiitoa kwenye begi asubuhi ya Januari sauti yake iko chini sana, lazima uipashe moto kwa pumzi dakika kumi kabla ya kulinganisha na kinanda. Noti za juu kabisa ni nyembamba, haikutengenezwa kwa mashindano ya kupanda. Lakini chini na katikati! Ukipuliza polepole inafunguka kama mtu anayeamka vizuri. Vali za kuzunguka hazihitaji nguvu, noti mbili zinaunganika bila mshono. Mpiga kinanda wetu, ambaye hasifii kitu bure, aliniambia siku ya kwanza nisogee mbele kidogo. Kwake hiyo ni hotuba.

Wazo lililozuka baada ya ibada ni kwamba tuchange tununue nne za namna hii, tuzipeleke usharikani nyumbani. Moyo mzuri, njia mbaya. Zikipitia huku zinalipiwa ushuru wa Marekani, halafu zikifika Dar es Salaam zinahesabiwa upya pamoja na nauli ya kutoka huku, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki juu yake, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Ushuru mara mbili na bahari mbili kwa tarumbeta moja. Ziende moja kwa moja kutoka Ujerumani, na kabla ya kulipa hata senti, katibu wa usharika aende kwa wakala wa forodha na ile namba 9205.10 mkononi aulize kiwango na kama kuna msamaha wowote wa kuombwa mapema. Mapema, jamani. Mzigo ukishafika bandarini kila siku ina bei yake. Yule mzee wa Westfalen anasema kwenye stoo ya kanisa lao zipo tano zinazolala tu, vijana wao hawazitaki.

Jumapili iliyopita nilimpigia baba mdogo kwa video, nikaweka simu juu ya friji, nikampigia ubeti mmoja. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Bado unavuta pumzi kwa mabega, mwanangu." Halafu akauliza nimeinunua shilingi ngapi. Forodha ya Marekani niliwaambia ukweli mpaka senti ya mwisho. Baba mdogo nilimtajia nusu.