Rosela kavu ya sokoni: chukua nzima, unga uache

Rosela, au choya, inayotengenezewa kinywaji chekundu, huuzwa kwa sura tatu: nzima, iliyovunjika vipande, na ya unga. Inayostahili hela ni ile nzima. Kinachokaushwa ni kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki ua likishadondoka, kikiwa kimefumbata tumba la mbegu. Kikiwa kizima unakikagua mwenyewe: tumba limetolewa au limeachwa liongeze uzito, kuna mchanga, kuna ukungu mweupe kwenye mikunjo. Unga huficha hayo yote.

Rosela nzuri ina wekundu mzito unaokaribia zambarau, na ukiikunja inakatika. Iliyogeuka kahawia ilipigwa na jua muda mrefu au imelala sana dukani. Inayopindika bila kukatika haikukauka, na itaota ukungu ndani ya pakiti. Kama umeshanunua unga, ukoroge kwenye maji na utie magadi kidogo kidogo. Rangi ya rosela halisi hugeuka buluu au kijani kichafu, na ukikamulia ndimu ya kutosha wekundu unarudi. Isipogeuka kabisa, humo mmetiwa rangi ya dukani.

Kwa lita 1 ya maji, gramu 10 zinatosha. Suuza haraka, chemsha maji, epua, ndipo utie rosela na kufunika kwa dakika 10. Kuitokosa nusu saa kunafifisha rangi na kuleta ukakasi. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa uchachu wa rosela unaila. Tumia ya chuma cha pua, ya enameli isiyobanduka, au chungu.

Tunaloshindwa kulikubali ni lebo za “huongeza damu”. Wekundu ule ni rangi ya mmea tu. Mtu mwenye upungufu wa damu akapimwe na kutibiwa. Kumpa matumaini ya pakiti ni kumchelewesha. Upande wa presha kuna ukweli: majaribio kwa wagonjwa yameonyesha inaweza kuishusha kiasi. Ndiyo sababu anayemeza dawa za presha amwambie daktari kwanza, wala asiziache. Mjamzito aiepuke.

Bei ya rosela nzima na safi huonekana kubwa, lakini kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo 1 tu kavu, na kila tumba hutolewa kwa mkono.

Mwenye kipande cha ardhi anaweza kujilimia. Panda mvua zinapoanza. Dodoma ni karibu na Desemba. Mbegu 3 kwa shimo, kina sentimita 2, kisha ubakize mche 1, nafasi mita 1. Rosela huchanua siku zinapofupika, hivyo ukichelewa mche utachanua ungali mfupi na mavuno yatakuwa haba. Samadi ikizidi, utapata majani mengi na maua machache. Maji yakituama, mizizi inaoza.

Vuna wiki 2 hadi 3 baada ya ua kudondoka, kikombe kikiwa kimenenepa na bado kinakatika kirahisi. Ukingoja tumba likauke na kupasuka, kikombe kinakuwa kigumu na mbegu zinamwagika. Sukuma tumba litoke kwa kipande cha bomba chenye ukingo mkali, kisha anika vikombe kwenye wavu, safu moja, kivulini penye upepo. Acha mimea michache ikomae kwa ajili ya mbegu za msimu ujao.